Ngoma ya Kuachiwa

Neno nililolichukia kuliko matusi yote katika nyumba ile lilikuwa "bado". Mama Mwalimu alilitamka taratibu, huku akifuta miwani yake, ungedhani anakupa peremende. Mwanangu, umejitahidi, lakini bado. Nikiuliza bado nini, ananiambia nitajua. Sasa nitajuaje, na mimi ndiye ninayeambiwa sijajua? Nilikuwa natoka pale nimefura, naingia chumbani kwangu, naubamiza mlango, halafu nakumbuka kwamba mlango wenyewe haushiki, inabidi nirudi niusukume kwa bega. Hata hasira sikuweza kuimaliza kwa heshima.

Ngoja nianze vizuri, maana dada yangu husema nikisimulia jambo naanzia kiunoni.

Mimi ni mcheza ngoma, kwa maana ya kazi. Nyumbani nilishacheza kila kitu: kwenye vikundi, kwenye kampeni za chanjo, hata kwenye tangazo la sabuni ambalo watu walinitania nalo mpaka nikachoka. Kisha siku moja kikapita mjini kwetu kikundi kinachocheza ngoma za Afrika Magharibi. Jamani. Magoti yale, mgongo ule ulioinama kama wa mtu anayetafuta sindano sakafuni, halafu ghafla kifua kinafunguka na mikono inaruka. Nilirudi nyumbani sijielewi. Nikauliza nani anafundisha, nikaelekezwa kwa mwanamke mmoja mwenye asili ya huko, aliyehamia na mumewe nchi nyingine ya mbali na kufungua darasa. Nikafunga safari. Dada aliniuliza narudi lini, nikamwambia mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja, eti. Nilipofika pale penye kisa hiki nilikuwa nimeshaacha kuhesabu.

Katika nyumba ya Mama Mwalimu, mwanafunzi haondoki na ngoma zao mpaka aachiwe. Na kuachiwa kuna utaratibu wake. Unacheza peke yako mbele ya wenzako na wageni, ngoma kubwa inakupigia. Kisha mwalimu mwenyewe anaingia, anasimama ubavuni mwako, mnacheza bega kwa bega mpaka mpigaji atoe mkato, yaani ule mlio mfupi wa kufunga, na nyayo zenu mbili zitue pamoja. Hapo umeachiwa. Unaweza kwenda popote ukafundisha, na ukasema haya nimepewa na fulani. Kabla ya hapo, ukacheze jikoni kwako. Hakuna askari atakayekukamata ukikiuka, lakini mimi niliapa siku niliyopokelewa, nikala chakula chao, nikalala chini ya paa lao. Sikwenda kule kuiba.

Tulikuwa tukizungumza lugha ya wenyeji, ambayo haikuwa yangu wala yao, na wote tulikuwa tukiikosea. Hapa nasimulia kwa lugha yangu.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya karakana ya samani. Kutwa nzima msumeno unalia chini, na harufu ya gundi inapanda mpaka unaisikia kwenye chai. Madirisha yalipakwa rangi yakiwa yamefungwa, yakagandia hivyo hivyo. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ukumbi, na kwa haki kabisa kilikuwa stoo ya mavazi, kwa hiyo nilikuwa nalala chini ya sketi za watu. Ukitaka kwenda barabarani lazima upite ukumbini, kisha sebuleni kwa Mama Mwalimu, kisha mbele ya kiti chake. Njia nyingine hakuna. Nikienda kununua hata dawa ya meno nitaulizwa, unakwenda wapi mwanangu, utarudi saa ngapi, vaa kitu kizito. Ananiuliza kwa upendo, sikatai. Upendo wenyewe ndio ulionikaba.

Asubuhi nilikuwa nadeki ukumbi na kufua mavazi. Jioni wanakuja wanafunzi: muuguzi mmoja mcheshi, kondakta wa basi, mzee mstaafu wa posta ambaye daktari alimwamuru auchangamshe moyo, mama mmoja na binti zake wawili, na wengine wa kuja na kupotea. Mama Mwalimu anakaa kwenye kiti chake karibu na ngoma. Anaeleza kwa mikono, anaimba mdundo kwa mdomo, kisha anasema, mwanangu, waonyeshe. Nami naonyesha. Yeye mwenyewe zamani, nilipokuwa mgeni, alikuwa akiinuka kidogo, anacheza kipande, anarudi kukaa. Nilikuwa namkodolea macho mpaka yananiwasha. Nilinyonya kila kitu: anavyoshusha bega, anavyogeuza kiganja, na zaidi ya yote ule mguu wake wa kulia. Ule mguu ulikuwa unachelewa kidogo kutua, kama unafikiri kwanza. Sikuwahi kumwona mtu mwingine akifanya vile. Nikajiambia, hapo ndipo utamu ulipo, wengine wote wanakimbilia kuruka, siri yenyewe iko hapa. Nilikaa na ule mguu asubuhi na jioni mpaka ukawa wangu, na siku ulipokubali nililia kwa furaha peke yangu chini ya sketi zile.

Mumewe tulimwita Mikono. Mtu wa maneno machache, kiasi kwamba akikusalimu mara mbili unajiuliza umekosa nini. Kwao, mpigaji wa ngoma kubwa hapigi tu akafumba macho. Kazi yake ni kukutazama miguuni, ili unyayo unapotua mkono wake uwe umeshafika kuupokea. Mikono hakuwahi kuniangusha. Nikiuchelewesha mguu wa kulia kama Mama, mkono wake unanisubiri. Nilijiona nimefika. Ndiyo maana ile "bado" ilikuwa inanichoma. Nilikuwa nacheza kama yeye, jamani, nakala yake kabisa, sasa kilichobaki ni nini?

Basi siku moja dada akanipigia simu. Dada yangu ana saluni, na huwa ananipigia akisuka, simu ameiegemeza kwenye kioo, hivyo mazungumzo yetu yote yana mteja katikati. Akaniambia mkurugenzi wa kituo cha vijana pale mjini anatafuta mwalimu wa ngoma, ukumbi upo, wanafunzi wapo, na ametajiwa mimi. Ila anataka mtu kabla shule hazijafunguliwa. Zikifunguliwa sijafika, atamchukua yule jamaa wa sarakasi.

Moyo ulinilipuka. Hiyo ndiyo kazi niliyoiota tangu nilipopanda ndege. Na magoti yangu si ya msichana tena, niseme ukweli. Nikikosa hii nitabaki kuwa binti wa stoo katika nchi ya watu, nikionyesha mpaka nizeeke. Dada akasema nimtumie video ampelekee mkurugenzi. Nikamwomba muuguzi anipige video nikicheza, nikatuma, nikakaa kusubiri sifa.

Dada alipiga baadaye, safari hii bila mteja, na hapo tu ningejua kuna jambo.

"Kiherehere," aliniita, maana ndilo jina lake kwangu tangu utotoni, "umeumia mguu na hukuniambia?"

Nikamwambia sijaumia, ndivyo ngoma ilivyo. Akasema anauliza tu, maana naonekana kama ninayeshuka ngazi na ndoo. Nilichemka. Nikamwambia yeye ashughulike na vichwa, miguu aniachie mimi. Tuliagana kwa baridi. Nilikasirika siku mbili nzima, na ukinijua mimi utafahamu kwamba huwa sikasiriki hivyo kwa jambo lisilonigusa.

Wiki ile ile Mikono akaenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Daktari akamkataza kuinama na kupiga ngoma mpaka apone. Akaja mdogo wake kushika nafasi, kutoka mji mwingine, mwanaume mnene mwenye kicheko cha kujaza chumba. Mama Mwalimu alimwita shemeji, basi na sisi sote tukamwita Shemeji. Jioni yake ya kwanza Mama alikuwa hospitali na mumewe, kwa hiyo darasa niliongoza mimi.

Akaanza kupiga. Na mimi nikaanza kuachwa. Mguu wa kulia unatua, ngoma imeshapita. Unatua, imeshapita. Nikajitia kuwa yeye ndiye mwenye kosa, nikamwambia mbele ya watu kwamba anakimbia. Akacheka, akawaomba wanafunzi wampigie makofi tu, wapige wanavyosikia. Wakapiga. Makofi yakaenda naye sawasawa, hata ya yule mstaafu ambaye husikia kwa sikio moja. Nikabaki mimi peke yangu katikati ya sakafu, nikining'inia na mguu wangu. Nilitamani ardhi ipasuke, ila chini kulikuwa na karakana ya samani.

Darasa lilipokwisha akasubiri wenzangu watoke, akafunga mlango wa ngazi. Hakuwa anacheka tena.

"Mguu unauma?"

"Hauumi."

"Basi kwa nini unachechemea?"

Nilimjibu kwa jeuri kwamba sichechemei, ndivyo Mama Mwalimu anavyocheza, na kama yeye hakujifunza kwa shemeji yake hilo ni shauri lake. Akashusha pumzi. Akaniambia kwamba Mama aliwahi kuanguka jukwaani, zamani, kabla hawajahama, akaumia nyonga. Ilipona vibaya. Hakumwambia mtu wa nje, na nyumbani hakuna anayethubutu kuligusa jambo hilo. Mikono, kaka yake Shemeji, tangu siku ile amekuwa akiuchelewesha mkono kidogo, kwa upande wa kulia tu, kuusubiri mguu wa mkewe, ili asikike hajachelewa. Amefanya hivyo miaka mpaka hajui tena kupiga vingine. "Na wewe ukaja," alisema, "ukayachukua yote mawili, mguu na mdundo. Sasa nimeangalia mstari mzima leo, muuguzi, kondakta, yule mzee, hao watoto. Wote wanacheza nyonga ya shemeji yangu."

Nilijifunza kilema cha mtu, nikakifanyia mazoezi, nikakipenda, nikakifundisha. Ningecheka kama ingekuwa ni mtu mwingine. Nilikwenda chumbani, sikubamiza mlango.

Tangu hapo nikaanza kumwona Mama Mwalimu. Kila siku nilikuwa naye na sikuwahi kumwona. Akishuka ngazi ananitanguliza, eti niangalie njia, kumbe hataki nimwangalie yeye. Anashuka ngazi moja, anaunganisha miguu, anashuka nyingine. Sufuria zote nzito zimewekwa kwenye kimo cha kiuno. Kiti chake kina mikono mipana ya kuegemea anapoinuka, na kama mkono mmoja ungekatika nadhani asingeinuka. Kisha likanijia jambo lililonikata maini kabisa. Kuachiwa ni kucheza bega kwa bega mpaka mkato. Sasa yeye atachezaje ngoma nzima ubavuni mwangu, kwa nyonga ile, mbele ya wageni? Hawezi. Kwa hiyo "bado" haikuwa yangu kamwe. Ilikuwa yake. Nilikuwa nimefungiwa juu ya karakana miaka yote hiyo kwa sababu mtu mmoja hataki kuonekana anachechemea.

Nilimchukia, nasema wazi. Nilimchukia asubuhi nikimpelekea chai, na mchana nikimsikia akiimba nilimhurumia, na jioni nikamchukia upya. Nikisema ninalolijua, namvua nguo mwanamke aliyenilea. Nikinyamaza, shule zinafunguliwa na mtu wa sarakasi anachukua ukumbi wangu. Kuondoka bila kuachiwa ningeweza, ndege haiulizi. Lakini ningesimama mbele ya watoto wa watu nikawaambia nini, kwamba haya niliyachukua nikatoroka?

Nilianza kuunyoosha mguu. Kila asubuhi, kabla Mama hajaamka, Shemeji ananipigia kwa vidole tu kwenye ukingo wa ngoma, mimi namfuata. Usidhani ni rahisi. Kichwa kimeelewa, mguu haujali. Ukiuamuru uwahi, unawahi mara moja, halafu unarudi kule kule ulikozoea, kama mbuzi anayejua zizi lake. Nilijipiga paja kwa ngumi. Nilimtukana Shemeji, naye akaendelea kugonga. Polepole ukaanza kutii, ila kwa masharti: lazima niufikirie. Nikiusahau tu, ninachechemea.

Mikono aliporudi, jicho limefunikwa, nilimfuata ukumbini akiwa peke yake na nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mimi napiga ninachokiona," alisema. Akarudi kukaza kamba za ngoma yake.

Basi nikapiga moyo konde. Nilimkuta Mama Mwalimu jikoni akimenya viazi, amekaa, nikachukua kisu nikakaa mbele yake. Nikamweleza habari za kituo, na kwamba shule zinakaribia kufunguliwa, na nikamwomba Jumamosi anipe ngoma ya kuachiwa. Hakuinua macho. Akasema kile alichosema siku zote.

Nikamuuliza, "Bado ya nani, Mama? Yangu au yako?"

Kisu chake kilisimama. Msumeno wa chini ulikuwa unalia, nikaushukuru, maana bila huo ukimya ule ungeniua. Sijawahi kumjibu mama yangu mzazi vile, na huyu nilimjibu. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia majini, akachukua kingine. Nilipokuwa nimeshakata tamaa, nimeinuka, akasema, "Jumamosi." Hakusema nami tena mpaka siku hiyo ilipofika.

Jumamosi karakana haifanyi kazi. Ukumbi ulikuwa kimya mpaka nikasikia viatu vya watu. Wanafunzi walikuja na waume zao, wake zao, watoto, muuguzi na wenzake watatu wakiwa bado na sare. Mikono alikaa nyuma ya ngoma kubwa na miwani nyeusi. Shemeji alishika ngoma ndogo. Mama Mwalimu alikuwa kwenye kiti, amevaa mavazi kamili, yale ya jukwaani ambayo mimi niliyafua kila msimu na sikuwahi kumwona nayo mwilini. Alikuwa mzuri. Nilihisi kulia na kukimbia kwa pamoja.

Nilianza. Niliufikiria mguu wa kulia peke yake, nikauwahisha, na mkono wa Mikono ukaja nyuma yangu. Alinisubiri pale ambapo sikuwepo. Hatua chache tulikuwa tunagongana hivyo, halafu akaniangalia miguuni, sijui aliona nini kwa jicho moja, na mkono ukafika. Ngoma ikanyooka. Nilisikia wanafunzi wakihema, kwa sababu hata wao hawakuwahi kuisikia hivyo. Nikafungua kifua, nikaruka, nikacheza. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilicheza mimi.

Ndipo Mama Mwalimu akainuka. Watu walipiga makofi. Alitembea taratibu, kichwa juu, ungedhani ni madaha, akasimama ubavuni mwangu, bega lake likagusa langu. Akaanza.

Mguu wangu ukatua, wake ukachelewa. Mikono alikuwa na mkono mmoja wa kupokea na miguu miwili ya kuitazama, wangu na wa mkewe, na nilimsikia akiyumba. Ampokee nani? Akimpokea mkewe ananiacha, akinipokea mimi anamwanika mkewe. Ngoma ikaanza kukwaruzana. Wageni wakatazamana. Nilimtupia Mama jicho, jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, taya amelikaza, na mguu ule unajaribu, unajaribu, haufiki.

Huruma ikanizidi. Nikaacha kuufikiria mguu wangu. Ukarudi wenyewe kule ulikozoea, ukachelewa, ukatua pamoja na wake, na Mikono akapumua, na ngoma ikatulia. Tulikuwa sawa, sisi wawili, tukichechemea pamoja kwa uzuri kabisa. Nikajua kwamba nitaachiwa hivi hivi, nitakwenda nyumbani na kilema hiki, nitawapa watoto wa watu. Nikasema potelea mbali. Siwezi kumfanyia vile mbele ya watu.

Mama Mwalimu akageuza uso kwangu, akicheza, akitabasamu kwa ajili ya wageni, na akasema kwa sauti ya kunifikia mimi tu:

"Mimi nachelewa kwa sababu naumwa. Wewe unaumwa wapi?"

Mguu wangu ukachelewa tena pamoja na wake.

"Nyoosha."

"Utabaki nyuma, Mama."

"Nyoosha, nimesema."

Nikanyoosha. Alicheza hatua moja, ya pili ikamshinda, akaiacha miguu yake isimame na mikono iendelee. Kisha mkono mmoja ukashuka begani kwangu. Watu walidhani ni sehemu ya ngoma. Mikono hakudhani. Alimtazama mkewe amesimama, miguu haiendi, hakuna tena cha kumsubiri, na machozi yakamtoka chini ya miwani ile, na akapiga moja kwa moja, bila kuchelewesha kitu, kama nadhani alivyokuwa akipiga walipokuwa vijana. Nilicheza juu ya mdundo ule na mkono wa Mama begani. Nikasikia mkato unakuja. Alivuta pumzi, akasukuma kwa mguu wake mzima, akanitupia uzito wote, na nyayo zetu zikatua pamoja. Ngoma ikafunga.

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, miluzi, kondakta amemkumbatia yule mstaafu, muuguzi analia waziwazi. Nilikuwa nimeachiwa. Nyumbani, ukumbi, watoto, dada yangu, vyote vilikuwa vyangu sasa. Nikataka kugeuka nimkumbatie.

Vidole vyake vikazama begani kwangu.

"Usisogee," alisema, midomo haichezi, uso bado unatabasamu. "Ukisogea naanguka."

Kiti chake kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, na katikati walikuwa wameshajaa watu. Mikono alikuwa ameinamisha kichwa juu ya ngoma, hatuoni. Basi nikasimama. Wageni walijipanga, wakaja mmoja mmoja kunipa mkono wa heri, wakisema tunapendeza tulivyosimama, mama na mwanawe. Wote waliniuliza naondoka lini. Jumatatu, niliwajibu, Jumatatu, huku nimekaza magoti chini ya mwanamke mzima, na sikuweza kuinua hata unyayo.